Mji Aliosimuliwa

Siku Seremala alipotolewa gerezani, askari wa zamu ya asubuhi alimkabidhi vitu vitatu: suruali yake ya zamani, ambayo sasa ilimpwaya kiunoni, cheti cha kumaliza kifungo, na tiketi ya meli ya kesho yake saa nne, ya kumrudisha bara alikotoka. Kitu cha nne alikuwa nacho mwenyewe, kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha sare kuukuu. Askari alikifungua akakuta miwani iliyokatika mkono mmoja, kitana, na shati lililofuliwa mpaka halina rangi. Akauliza ni vya nani. Seremala akajibu ni vya marehemu. Askari akavifunga tena, vizuri kuliko alivyovikuta, akafungua kilango kilicho ndani ya lango kubwa, na Seremala akainama akatoka.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kumi na minane kati ya hiyo alikuwa ameimalizia pale kilimani, juu ya mji mkuu wa kisiwa ambao watu hupanda meli na ndege kuja kuutazama, na yeye alikuwa hajauona hata siku moja. Walimleta ndani ya karandinga lililofungwa kila upande, na dirisha la selo yake lilitazamana na ukuta. Hata hivyo aliujua. Ungemwamsha usingizini ukamwuliza njia ya kutoka lango la gereza hadi sokoni, angekueleza kona kwa kona, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja alilala hatua mbili kutoka kwa Kasuku.

Kasuku ni jina alilobandikwa na wafungwa kwa ajili ya mdomo wake. Alikuwa mtoto wa mji ule ule. Wengine wakikaa walizungumzia wanawake na vyakula. Kasuku alizungumzia vichochoro. Kila jioni wakishahesabiwa na milango kufungwa, alikuwa akimgeukia mwenzake na kumwuliza, "Haya, leo twende wapi?" Seremala alichagua: bandarini, kwa mafundi viatu, hospitali ya zamani. Na Kasuku alimchukua kwa maneno, ngazi kwa ngazi, akimwonyesha mlango wenye kitasa cha shaba cha umbo la mkono, na ukuta unaotoka jasho msimu wa mvua. Baada ya mwaka mmoja alianza kumtahini. Seremala akikosea njia, Kasuku alimcheka. "Rudi nyuma, bwana. Hapo umeingia jikoni kwa watu." Alikuwa na msemo wake kwamba mji ule ukiupita kwa gari umeutukana.

Matembezi yote yaliishia mahali pamoja: nyumba ya ghorofa mbili yenye madirisha kumi na manne ya mbao, ya kijani. Hapo ndipo kwa baba na mama. Kasuku alipofika hapo sauti ilimlainika. Alisimulia jinsi baba alivyopenda kukaa roshani, jinsi mama alivyokoroga chai bila kijiko kugusa kikombe, jinsi dada alivyosoma magazeti kwa sauti na nyumba nzima ikanyamaza. Akasema akitoka anarudi chumba chake cha chini, na Seremala naye akimaliza aje. "Waambie nimekutuma mimi. Hawatakufukuza. Baba ni mtu wa watu."

Kuhusu kilichomleta gerezani, Kasuku hakuwa na hadithi ndefu. Alisema ni mambo ya ujana, akageuza maneno. Kila mtu alijua kwamba aliwahi kutoroka, kwamba askari mmoja alivunjika mkono katika purukushani hizo, na kwamba hilo lilimwongezea miaka kumi na mitano juu ya saba aliyokuwa nayo. Alitoroka kwenda wapi, hakusema, na yeye aliyesema yote, watu walimwachia hilo moja.

Seremala mwenyewe hakuwa na mbele wala nyuma. Yeye na mdogo wake waligombana juu ya mpaka wa kiwanja walichoachiwa na baba yao, na Seremala, ambaye hakuwa mtu wa ngumi, alimpiga mdogo wake kwa ubao uliokuwa mkononi. Pigo moja tu. Mahakamani mama yao alisimama akasema kwamba alikuwa na watoto wawili na sasa hana hata mmoja, kisha akatoka bila kumtazama. Tangu hapo hakupata barua, wala hakuthubutu kuandika. Ndiyo maana nyumba ya madirisha ya kijani, ambayo mwanzoni aliisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio, taratibu ikawa nyumba aliyoitegemea.

Msimu wa mvua uliopita Kasuku alishikwa na kifua. Alikohoa wiki tatu, siku mbili za mwisho akakaa zahanati ya gereza, na Seremala akaruhusiwa kumwona mara moja. Hapo ndipo alipopewa kifurushi. Ampelekee dada, na amwambie kwamba hana kinyongo. Seremala alidhani ni homa inayosema. Alimwitikia, akamfunika miguu, na asubuhi yake akaitwa karakana kutengeneza sanduku. Alilitengeneza kwa mbao nzuri kupita zote zilizokuwepo, na mkuu wa karakana akajifanya hakuona.

Basi asubuhi ile alisimama nje ya lango, akashika njia. Kasuku alisema ngazi za kuteremka kilimani ni mia na kumi na mbili. Seremala alizihesabu: mia na kumi na mbili. Alipokanyaga ya mwisho moyo ulimruka kwa furaha asiyoitarajia.

Mji ulikuwa mzuri kuliko alivyoambiwa. Kasuku hakuwa mtu wa rangi. Alihesabu hatua na kona, hakumwambia kwamba kuta ni za manjano ya kiini cha yai na waridi na buluu iliyofifia, kwamba kila roshani ina makopo ya maua, kwamba mwisho wa kila kichochoro inakaa bahari kama kipande cha kioo. Paka walilala juu ya ngazi za watu na wapita njia wakawaruka. Mwanamke mmoja alikuwa akisugua kizingiti chake kwa brashi, akamsalimia, na Seremala akachelewa kuitikia kwa sababu hakudhani ni yeye anayesalimiwa.

Jambo moja lilimtia aibu. Uwanja wa gereza ulikuwa na urefu wa hatua sitini, na miguu yake ilikuwa imezoea. Alipofika hatua ya sitini, bila kuamua, aligeuka na kuanza kurudi alikotoka. Ilimtokea mara mbili. Mara ya pili mzee aliyekuwa akipiga kiatu rangi mlangoni alimwuliza kama amesahau kitu nyumbani, na Seremala akasema ndiyo.

Kwenye kona ya mlango mwembamba alikuta kundi la wageni wenye kamera, na mbele yao kiongozi wa watalii aliyeshika mwavuli mwekundu ingawa jua liliwaka. Kiongozi alikuwa akieleza kwamba mlango ule ulifanywa mwembamba na gavana mmoja mwenye wivu, ili mkewe mnene asiweze kutoka. Seremala alijua habari tofauti, aliyopewa na Kasuku. Nyumba ilikuwa ya muuza vifungo, na fundi alimwibia mbao. Alicheka peke yake, na wageni wakageuka. Mmoja wao alimwambia kiongozi jambo, kiongozi akamwomba Seremala asimame kando ya mlango kidogo, wanataka picha. Akasimama. Kamera ilipolia mara ya kwanza, akageuka akawapa upande wa kushoto, ameinua kidevu na mikono ameibana ubavuni, kama alivyofundishwa mara ya mwisho alipopigwa picha. Wageni walifurahi sana. Yeye alipotambua alichofanya aliondoka bila kuaga.

Alizunguka mji saa nne nzima. Hakuwa na haraka, aliogopa kufika. Alipita kwa mafundi viatu, akaiona hospitali ya zamani, akaugusa ukuta unaotoka jasho, na kweli ulikuwa na unyevu. Hakuna mahali Kasuku alipodanganya. Duka moja moja lilikuwa limebadilika, palipouzwa mafuta ya taa pakauzwa mikoba, lakini kona zilikuwa ni zile zile. Kadiri alivyozikuta ndivyo alivyozidi kuamini. Mtu asiyekosea hata ngazi moja kati ya mia na kumi na mbili, atakosea juu ya mama yake?

Madirisha yalikuwa kumi na manne. Ukijani ulikuwa umebaki kwenye mifereji ya mbao tu, kwingine mbao zilikuwa kijivu na kavu, na mawili yalining'inia bawaba moja moja. Seremala aliyatazama kwa jicho la ufundi kabla ya kutazama kitu kingine. Kisha akapiga moyo konde, akabisha.

Alifungua mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, ana kalamu nyuma ya sikio na kitambaa cha kufutia vyombo begani. Alimtazama suruali, akatazama kifurushi, akangoja. Seremala alikuwa amejiandalia maneno tangu msimu wa mvua, na yote yalimpotea.

"Dada, nimetoka kule juu," alisema. "Nimetumwa na ndugu yako."

"Sina ndugu. Nimezaliwa peke yangu."

Alisema bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mpotevu nyumba ya jirani. Seremala akaanza kueleza yale aliyoyajua. Kwamba ndani kuna ngazi ya mbao na ya saba inalia. Kwamba kabati la jikoni halifungi mpaka ulisukume kwa goti. Kwamba kuna chumba cha chini. Aliposema chumba cha chini mwanamke alishika fremu ya mlango, akatazama huku na huku kichochoroni, akamwambia apite.

Jikoni alimpa kiti, yeye akabaki amesimama. Aliuliza kijana wa chumba kile yuko wapi sasa, na Seremala akamwambia. Mwanamke alishusha kitambaa begani. Akauliza kama aliumwa sana. Seremala akasema siyo sana, ambayo haikuwa kweli. Kisha akaweka kifurushi mezani, na mwanamke hakukigusa.

"Alikuambia mimi ni dada yake?"

"Alikuwa akisema dada. Baba, mama, dada. Miaka kumi na mmoja."

"Alikuwa akituita hivyo. Angetuitaje?" Alijifuta mikono kwenye kitambaa ingawa ilikuwa mikavu. "Alikuwa mfanyakazi wa humu ndani, kaka. Aliletwa ana miaka minane, mtu wa bandarini alimwacha kwa baba asitokee tena. Alifua, alipiga deki, alitumwa. Baba hakupenda kutoka nje, kila kitu alimtuma yeye, mara sita mara saba kwa siku."

Seremala alielewa hapo Kasuku alikoupata mji. Aliupata kwa miguu, ana kikapu mkononi, anahesabu ngazi ili asiwaze uzito. Alihisi kama mtu aliyeegemea ukuta akakuta ni pazia. Wala hakuweza kusema amedanganywa. Kila neno lilikuwa kweli. Baba, mama, dada. Yeye ndiye aliyeyasikia anavyotaka.

Angeweza kuondoka wakati ule, lakini mwanamke alikuwa ameanza kusema, na ilionekana kwamba hajawahi kumwambia mtu. Alisimulia akiangalia sinki. Bangili za dhahabu za mama zilipotea, baba akaita polisi, na kijana, ambaye ndiye pekee aliyefagia chumba kile, akapewa miaka saba. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini, na aliitwa kutoa ushahidi kwamba alimwona akitoka chumbani. Ilikuwa kweli, alimwona. Alimwona kila siku. Mwaka wa pili walisogeza kabati wapake rangi, bangili zikaanguka kutoka nyuma yake, zote mbili.

"Mkafanya nini?"

"Mama alitaka twende tukaseme. Baba akasema tutaonekana watu gani. Akasema amekwisha kula miaka miwili, mitano si mingi, akitoka tutamrudisha kazini na kumtunza vizuri." Aligeuka kutoka kwenye sinki. "Mwaka wa tatu akatoroka. Unajua alikokwenda?"

Seremala alikwisha kujua.

"Alikuja hapa. Aliingia kwa mlango wa nyuma asubuhi, akakaa kwenye hicho hicho kiti ulichokalia. Miguu inamtoka damu. Akasema, mama, naomba chai. Na mama akamtengea. Alikuwa amezivaa, kaka. Alimmiminia chai bangili zinalia mkononi, na yeye akazitazama, akamtazama mama, akanywa. Baba alikuwa juu anapiga simu. Walipokuja kumchukua alikuwa bado hajamaliza kikombe."

Mama yake, alisema, alizivua siku ile na hakuzivaa tena, na hakukaa sana, alifariki baada ya miaka mitatu. Kisha akauliza swali ambalo Seremala aliliona likija tangu mbali.

"Hakusema chochote juu yetu? Mwishoni?"

Seremala alikuwa na neno la marehemu mdomoni. Alitaka kulimeza. Aliona kwamba neno lile, likitoka, halitarudi, na kwamba huyu mwanamke hajalilipia hata kwa hatua moja ya kupanda kilimani katika miaka ishirini. Lakini alikuwa ameliahidi kwa mtu anayekufa, na hakuwa na kitu kingine maishani alichokwisha kukitimiza.

"Alisema nikwambie hana kinyongo."

Mwanamke alilia, siyo sana. Alijifuta kwa kile kitambaa, akashusha pumzi, akabandika maji ya chai. Alipogeuka tena sauti yake ilikuwa nyepesi, akamwuliza kama anatumia sukari. Seremala alitazama mabega yake yalivyoshuka na akajua amempa mtu mzigo wa thamani bure, na mwenye mali hayupo tena kuudai.

Ndipo sauti ikaita kutoka juu, ikiuliza ni nani aliyekuja. Mwanamke alijibu kwa kupaza sauti kwamba ni fundi, amekuja kuangalia madirisha. Hakumtazama Seremala aliposema hivyo. Sauti ikasema apande basi, anangoja nini.

Alipanda. Ngazi ya saba ililia. Roshani alikuta mzee mwembamba, msafi, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, na uso wa upole ambao mtu angependa kuwa nao uzeeni. Masikio ndiyo yalikuwa yamekwisha. Alimshika Seremala mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa kuja, akamwonyesha dirisha la mwisho linalokwama. Alieleza kwamba zamani palikuwa na kijana humu ndani aliyeyajua madirisha haya moja moja, aliyapaka mafuta kila mwezi bila kuambiwa.

"Alikuwa kama mwanangu," mzee alisema. "Akaondoka tu. Vijana hawakai."

Seremala alikuwa amepiga goti mbele ya dirisha, kidole juu ya bawaba. Aliinua kichwa.

"Amekufa," alisema.

"Nani?"

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni na chai. Aliinama kwenye sikio la mzee. "Bawaba, baba. Anasema bawaba imekufa."

"Aa, basi aibadilishe," mzee alisema.

Seremala hakurudia. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini. Hasira ilikuwepo, ilimjaa mpaka kwenye ncha za vidole, lakini mara ya mwisho alipoifuata hasira alimzika mdogo wake. Akaomba bisibisi. Skrubu zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari, akazitoa kwa subira, akazisafisha, akaipindua bawaba ikakaa upande wake mzima, na dirisha likafunga. Mzee alilifungua na kulifunga mara nne kama mtoto.

Seremala aliposhuka, mwanamke alimfungulia chumba cha chini bila kuombwa. Kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha. Palikuwa na ndoo mbili, ufagio, na msumari mmoja ukutani wa kutundikia nguo. Seremala alikipima kwa macho, kazi ya miaka mingi haimruhusu mtu kuingia mahali asipime. Kilikuwa kifupi kuliko selo kwa karibu urefu wa mkono. Mwanamke alisema kwamba kama hana pa kwenda anaweza kukaa, madirisha ni mengi, na yeye anafundisha mchana kutwa, baba anabaki peke yake. Seremala alishukuru, akasema ana meli kesho. Aliacha kifurushi mezani, akatoka.

Jioni hiyo aliutembea mji mara ya pili, na mara hii haukuwa na furaha yoyote. Kila kona aliiona kwa kimo cha mtoto mwenye kikapu. Aliona jinsi ngazi zilivyo ndefu. Watu walikuwa wamekaa vizingitini wanapiga soga, wageni wanapiga picha maua, na ulikuwa mji mzuri bado, hilo hakuweza kulikataa, ndilo lililomuumiza. Akalala kwenye benchi la ukumbi wa abiria bandarini, pamoja na wengine wanaongoja meli.

Asubuhi akapanga foleni. Karani alichana tiketi, akamrudishia kipande chake, na foleni ikasogea. Mbele yake mama mmoja alikuwa akimwambia mumewe watakaokuja kuwapokea upande wa pili: shemeji, na wifi, na watoto wa wifi. Alitaja majina mpaka foleni ikafika kwenye daraja la kupandia. Seremala alijaribu kufikiri atakaposhuka atakwenda wapi, aelekee kulia au kushoto. Hakujua. Mji wa kwao aliukumbuka kwa kiwanja kimoja tu, na mtu mmoja aliyelala chini, na hapakuwa na mtu kule ambaye angemwona bila kuona hilo. Mama yake, kama yuko hai, ana miaka themanini. Alijiona anabisha mlango wake, na alijua neno atakaloambiwa.

Baharia akamwambia apande au apishe. Akapisha.

Meli iliondoka saa nne na dakika kumi. Alikaa akaitazama mpaka ikawa ndogo, siyo kwa majonzi, ila hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Kisha akainuka, na miguu, ambayo kwa kweli haikuhitaji kuambiwa, ikapita nyuma ya ghala, ikapanda kichochoro cha mafundi viatu, ikakata kulia kwenye mlango mwembamba. Mwanamke alipofungua hakushangaa. Alimwambia baba ameuliza habari ya dirisha la pili, akampa kikapu, akamwomba kwanza apitie mkate.

Madirisha yalimchukua miezi mitatu. Chumvi haichoki, na alipomaliza la kumi na nne, la kwanza lilikuwa limeanza kukwama tena. Hakuna aliyemwambia aondoke. Anakula vizuri, na mwanamke ni mpole kwake, tena mpole kupita kiasi. Kila mara alijisemea kwamba ipo siku atakaa na mzee, ataandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, jina na mwaka na bangili, amwekee mapajani asome. Karatasi aliinunua. Lakini mzee akawa anasahau. Wiki moja alimwita Fundi, wiki iliyofuata akamwita Kijana, na baada ya hapo akabaki na hilo hilo. Siku moja, chai ikiwa mkononi, alimwuliza alikuwa wapi siku zote hizi.

Seremala alifikiri kidogo.

"Nilitumwa, baba," akasema, akamwekea mto mgongoni.

Mzee akaridhika. Akamwambia asichelewe tena namna hiyo, kisha akamwomba amfungulie dirisha la upande wa bahari, na Seremala akaenda kulifungua.